Mnada wa Samaki Kesennuma: Mwongozo Kamili kwa Wanaofika Soko Limeshaoshwa

"Kaka, tumefika. Mbona hakuna samaki?"

Ujumbe wa namna hii nimeshaupokea mara nyingi, hata picha inayofuata naijua kabla sijaifungua: sakafu pana ya saruji, imeoshwa, inang'aa, na mtu mmoja mwenye mabuti anakunja mpira wa maji. Saa ya picha huwa saba mchana. Wenyewe wametoka Tokyo asubuhi, wamebadilisha treni bila kupotea, wamefika salama. Wamekosea jambo moja tu: wamekwenda Kesennuma kama mtu anayekwenda dukani.

Kesennuma ni mji wa wavuvi wenye wakazi wapatao 60,000, kaskazini mwa mkoa wa Miyagi, kwenye pwani ya Sanriku iliyojaa ghuba nyembamba na rasi. Mji huu huamka usiku wa manane na kazi yake kubwa huisha watu wengine wakiwa wanakunywa chai. Ukitaka kuuona ukiwa kazini, lazima ulale hapohapo. Hatua zote zilizo hapa chini zinategemea hilo.

Kuhusu saa: nimeandika kwa saa zetu za Kiswahili, na pale inapohusu ratiba nimeweka tarakimu za Kijapani kwenye mabano. Yupo aliyesoma "saa 11" kwangu, akatega simu imwamshe 11:00. Sitaki yarudi tena.

## Vitu vya kuandaa kabla ya safari

- Usiku mmoja wa kulala Kesennuma, uliokwisha kulipiwa. Ukipata siku mbili ni bora zaidi.
- Yeni taslimu. Migahawa midogo ya bandarini mingine haipokei kadi. Ukikwama, mashine za fedha za Seven-Eleven hukubali kadi nyingi za nje.
- Viatu visivyoteleza na visivyopitisha maji.
- Koti la kuzuia upepo, hata Juni. Upepo wa baharini wa alfajiri pwani hii hauna huruma, na ukungu wa kiangazi ni jambo la kawaida.
- Ramani ya mji iliyopakuliwa kwenye simu, yenye alama ya hoteli yako na alama ya mahali pa juu palipo karibu nayo. Sababu utaiona hatua ya tano.
- Ukitaka kukodi gari: kibali cha kimataifa cha kuendesha. Fungua jalada usome. Japani inakubali kile kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 19 Septemba 1949. Kama chako kimeandikwa 1968, hutapewa gari, hata kama umekilipia pesa nyingi nyumbani.

## Hatua ya 1: Chagua samaki kwanza, tarehe baadaye

Wengi huanza na likizo yao, kisha huomba bahari iwafuate. Geuza. Amua unataka kuona samaki gani, mwezi utajitokeza wenyewe.

Sehewa (kwao ni *katsuo*) ndiye mfalme wa mji. Kuanzia 1997 Kesennuma ilishika nafasi ya kwanza Japani kwa sehewa wabichi wanaoshushwa bandarini, zaidi ya miaka 25 mfululizo. Samaki hawa hupanda kaskazini na mkondo wa joto wa Kuroshio, na meli za mishipi kutoka mikoa ya mbali kusini, kama Kochi, Mie na Miyazaki, huwafuata na kuja kushusha hapa badala ya kurudi makwao. Msimu huanza kuchangamka Juni na kuendelea hadi vuli. Wa Juni wana nyama nyekundu isiyo na mafuta mengi. Wa Septemba na Oktoba wanarudi kusini wameshanona. Kwa kuona kazi, njoo Julai. Kwa kula, njoo mwishoni mwa Septemba.

Nduaro (*mekajiki*) huvuliwa karibu mwaka mzima, ila wenyeji wanamsifia wa majira ya baridi, na chaza nao ni wa baridi hadi masika. Sanma, yule samaki mwembamba kama kisu, ni wa vuli. Miaka ya karibuni amepungua sana, kwa hiyo usifunge safari kwa ajili yake peke yake.

Papa ndiye mkombozi wa aliyekosea msimu, kwa kuwa huletwa karibu mwaka mzima na Kesennuma ndiyo inayoongoza Japani kwa kuwashusha. Watu wakisikia hivyo hufikiria mapezi tu. Hapa nyama hutengenezwa vyakula vya samaki wa kusagwa, ngozi huwa mikoba, na gegedu huenda kwenye dawa za lishe. Mtu aliyekua akila papa mkavu wa nazi atajisikia nyumbani kidogo.

Utajua umefaulu: unaweza kusema kwa sentensi moja, "Nakwenda mwezi fulani kumwona samaki fulani."

## Hatua ya 2: Hakikisha soko limefunguliwa siku hiyo

Soko lina siku zake za mapumziko, na hazifuati mpango rahisi wa "kila Jumapili". Katikati ya Agosti kuna Obon, wakati wa kuwakumbuka marehemu, na meli nyingi hupumzika. Mwaka mpya vivyo hivyo. Halafu kuna vimbunga vya Agosti na Septemba: kalenda inasema wazi, bahari inasema hapana.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kabla ya kukata tiketi, tafuta kalenda ya mwezi ya soko la samaki la Kesennuma, pamoja na saa za jukwaa la watazamaji. Jioni ya kuamkia mnada, muulize mtu wa hotelini: *"Ashita, uoichiba wa yatte imasu ka?"* Yaani, kesho soko la samaki linafanya kazi? Mapokezi ya mji huu yamezoea swali hilo, na mara nyingi watakuambia hata meli ngapi zinatarajiwa.

## Hatua ya 3: Kata tiketi ya njia sahihi

Hapa ndipo majina yanapowachanganya watu. Kuna njia iitwayo Kesennuma, na kuna njia iitwayo Ofunato. Anayetoka Tokyo anaitaka ya Ofunato, ingawa jina la mji limo kwenye ile nyingine.

Panda treni ya kasi ya Tohoku kutoka Tokyo hadi Ichinoseki. Ni saa mbili na ushee, kutegemea treni. Ukipanda Hayabusa viti vyote ni vya kuweka nafasi, na si kila Hayabusa husimama Ichinoseki, basi soma orodha ya vituo. Ichinoseki badilisha uingie treni ndogo ya dizeli ya njia ya Ofunato, ushuke Kesennuma. Kipande hiki ni kama kilomita 62 na huchukua karibu saa moja na nusu, kwa sababu reli imepinda-pinda milimani. Wenyewe wameipa jina la utani Dragon Rail, kwa kuwa kwenye ramani imejinyonga kama joka.

Reli inaishia Kesennuma. Sehemu ya mbele ilibomolewa na tsunami ya 2011, na tangu 2012 na 2013 mabasi maalumu yaitwayo BRT ndiyo yanayopita palipokuwa na reli. Ramani ya simu ikikuonyesha "treni" kutoka Maeyachi hadi Kesennuma, hilo ni basi. Linafika, lakini lina safari ndefu.

Onyo la kwanza: treni za Ichinoseki hadi Kesennuma ni chache, na pengo kati ya moja na nyingine linaweza kufika saa mbili au zaidi. Panga kwanza hii ndogo, kisha ndipo utafute ya kasi inayoiwahi. Watu hufanya kinyume, wakaishia kukaa Ichinoseki wakihesabu njiwa.

Onyo la pili: nunua tiketi ya karatasi hadi Kesennuma tangu mwanzo. Usitegemee kugusisha kadi.

Ukiwa Sendai, achana na yote hayo. Panda basi la barabara kuu, saa mbili na nusu hadi tatu. Lina kituo mbele ya ofisi ya manispaa, karibu na bandari kuliko stesheni, jambo linalotupeleka hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Lala bandarini, usilale stesheni

Stesheni ya Kesennuma haiko baharini. Iko ndani, kama kilomita mbili kutoka Naiwan, ghuba ndogo iliyo moyoni mwa mji, na soko liko mbele zaidi. Saa 10 usiku hutapata basi, na teksi za mji mdogo huhitaji kuitwa mapema.

Tafuta chumba Naiwan au karibu nalo. Kutoka hapo unafika sokoni kwa miguu, dakika 20 hivi kwa hatua za kawaida, ukiwa na maji mkono wako mmoja njia nzima. Mwanzoni mwa Agosti kuna sikukuu ya bandari, Minato Matsuri, na vyumba huisha mapema mno.

Mwaka wangu wa kwanza nilijifanya mjanja nikachukua chumba cha bei rahisi nje ya mji. Nilitembea gizani kwa muda wa saa moja na robo, mvua ikininyea, nikafika wanaosha sakafu. Yule mwenye mpira wa maji kwenye picha za wasomaji wangu, mimi nilimwona kwa macho.

## Hatua ya 5: Kabla ya kulala, ujue mlima wako

Hii hatua watu huiruka, nami sikubali irukwe. Tarehe 11 Machi 2011 maji yaliingia ghuba hii, matangi ya mafuta yaliyokuwa ufukweni yakang'olewa, mafuta yakamwagika yakawaka juu ya maji. Zaidi ya watu 1,000 wa mji huu walipoteza maisha.

Ukiingia chumbani, toka tena nje. Tembea kutoka mlango wa hoteli hadi mahali pa juu palipowekewa alama ya kukimbilia. Hesabu dakika. Alama ni za picha, mtu akikimbia juu na wimbi nyuma yake, kwa hiyo hakuna kisingizio cha lugha.

Kanuni ya pwani ya Sanriku inaitwa *tsunami tendenko*: kila mtu akimbie mwenyewe, asimsubiri mwenzake, kwa kuwa mwenzake naye anajua pa kukimbilia. Kama mmekuja mke, mume na watoto, kubalianeni mahali pa kukutana juu, jioni hiyohiyo. Ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, msingoje king'ora.

Utajua umefaulu: unaweza kufika juu gizani bila simu.

## Hatua ya 6: Alfajiri, sokoni

Amka saa 10 na nusu usiku (4:30). Juni na Julai jua huwa limeshachomoza au linakaribia. Oktoba utatembea gizani.

Jengo la soko ni jipya, lilikamilika 2019, na lina jukwaa la watazamaji la juu. Kaa huko. Usishuke sakafuni hata kama hakuna aliyekuzuia: kule chini foko (vigari vya kunyanyulia mizigo) hukimbia kinyumenyume, sakafu ina maji na damu, na mgeni aliyesimama kupiga picha ni sawa na gogo njiani. Usile chochote jukwaani, usitumie flashi.

Sasa tazama kwa mpangilio huu, la sivyo utaona fujo tu.

Anza na meli. Meli ya kuvua sehewa kwa mishipi utaijua kwa mirija ya maji iliyopangwa ukingoni. Baharini mirija hiyo hunyunyiza maji juu ya bahari ili sehewa wasimwone mvuvi na wadhani dagaa wanarukaruka, wakati huo dagaa hai wanamwagwa kama chambo. Kisha kila samaki huvutwa mmoja mmoja kwa ufito. Ndiyo maana samaki wa meli hizi hawana michubuko.

Fuata samaki. Wanatoka tumboni mwa meli, wanamwagwa kwenye mkanda unaotembea, wanachambuliwa kwa ukubwa, wanatumbukia kwenye matangi ya maji na barafu. Mtazame mmoja tu tangu mwanzo. Mgongo una rangi ya wino wa buluu uliokolea, tumbo la fedha, na ile mistari ya tumboni inaonekana wazi kana kwamba imechorwa kwa rula. Sauti yake akigonga tangi si ya samaki laini. Ni kama mtu aliyedondosha kuni.

Halafu hamia upande wa samaki wakubwa. Nduaro wamepangwa safu, upanga umeshakatwa. Papa wamelazwa kwa makundi, rangi yao ya buluu inafifia kadiri asubuhi inavyosonga. Wanunuzi wanapita wenye kofia zenye namba, wanainama, wanagusa, hawasemi.

Ukingoja kelele kama za mnada wa Feri, Dar es Salaam, utadhani biashara haijaanza. Bei za hapa hutolewa kwa zabuni, kila mnunuzi na yake moyoni. Ishara kwamba mzigo umeuzwa ni ndogo: karatasi inawekwa juu ya samaki, na dakika chache baadaye foko inakuja kuuchukua.

Utajua umefaulu: umeona meli moja ikitoka kwenye kujaa hadi kuwa tupu. Kama umeona safu tu za matangi yaliyofunikwa, ulichelewa. Kesho toka nusu saa mapema.

Ukibahatika, utakuta upande wa pili wa ghuba meli ya jodari inaaga. Meli hizo za mshipi mrefu huenda mbali, nyingine hadi Bahari ya Hindi na Atlantiki, na mabaharia hukaa karibu mwaka bila kurudi. Familia hushika tepe za karatasi za rangi zilizofungwa melini mpaka zikatike, na bendera za rangi hupeperushwa. Wanaita *defune okuri*. Usiwe mbele ya mama aliyeshika tepe.

## Hatua ya 7: Kula, ukijua unachokula

Karibu kabisa na soko kuna jengo la Umi no Ichi: maduka ya samaki, migahawa, ofisi ya taarifa za wageni na makumbusho ya papa. Agiza sehewa mbichi wa siku hiyo. Wenyeji wengine humla na kitunguu saumu badala ya tangawizi, nami niko upande wao. Nduaro jaribu aliyechomwa. Jasiri aulize *moka no hoshi*, moyo wa papa unaoliwa mbichi, mwekundu kama tikiti na hauna shombo hata kidogo.

Kwa Waislamu, angalieni haya. Mji huu una chakula chake mashuhuri kiitwacho *horumon*; ni matumbo ya nguruwe yaliyochomwa, na harufu yake inaweza kumdanganya yeyote anayependa utumbo wa mbuzi. Mchuzi wa samaki waliopikwa mara nyingi una sake au mirin, vyote vina pombe. Uliza *"Mirin haitte imasu ka?"* Samaki wa chumvi wa kuchoma ni salama kuliko wa mchuzi. Vilevile mji una Waindonesia wengi wanaofanya kazi melini na viwandani. Ukiwaona vijana wa Kiindonesia, toa salamu, kisha waulize wanakula wapi.

## Hatua ya 8: Baada ya kifungua kinywa, nenda shule ya Koyo

Kuna wasomaji wanaoniuliza ile meli kubwa iliyosukumwa na tsunami ya 2011 ikakaa katikati ya nyumba iko wapi. Haipo. Kyotoku Maru namba 18 ilivunjwa 2013, baada ya wakazi wengi kusema hawataki kuiona tena kila siku. Msiitafute, na msimwulize bibi wa dukani.

Kilichobaki ni jengo la iliyokuwa sekondari ya Koyo, lililofunguliwa kama makumbusho Machi 2019. Nenda kwa BRT hadi Rikuzen-Hashikami, halafu utembee karibu nusu saa, au chukua teksi. Hufungwa Jumatatu. Ghorofa ya tatu gari limelala kichwa chini ndani ya darasa. Ghorofa ya nne makabati ya chuma yana mstari wa kutu ulionyooka, pale maji yaliposimama. Wanafunzi wapatao 170 waliokuwa shuleni siku ile walinusurika wote, kwa sababu kila walipofika mahali pa juu, waliendelea kupanda.

## Hatua ya 9: Kisiwa cha Oshima, kama muda upo

Vitabu vya zamani vinakuelekeza kwenye kivuko. Kilisimama Aprili 2019, daraja lilipofunguliwa. Sasa unakwenda kwa basi au gari. Panda mlima Kameyama, mita 235, uone ghuba yote na maboya ya chaza yaliyopangwa kama shanga. Ukitaka kuchagua kati ya Oshima na Koyo, chagua Koyo.

## Kurudi

Weka alama ya treni mbili za kuondoka: unayoitaka, na iliyo kabla yake. Panga kufuata ile ya kabla. Ukikosa ya mwisho inayowahi treni ya kasi Ichinoseki, utalala Kesennuma usiku wa pili, na siku hiyo tega simu saa 10 na nusu usiku.